Sahani za Kale ni Amana

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mithali hii yamfaa sana mtu apendaye muziki wa jazi, hasa asimamapo mbele ya duka na kuziona sahani za kale zimetolewa upya, zimevikwa majalada yenye rangi za kupendeza, na juu yake pameandikwa ya kwamba sauti imefanywa kuwa bora kuliko ilivyokuwa zamani. Nyumbani anayo sahani ile ile, kuukuu, yenye mikwaruzo. Je, ainunue hii mpya na kuitupa ile ya zamani? Wengi hudhani kwamba hili ni jambo la fedha tu. Lakini ni jambo la uaminifu pia, kwa kuwa mwenye kutoa upya muziki wa watu waliokwisha kufa ameshika mkononi amana ya watu hao.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini sahani ni kitu kikubwa katika jazi kuliko katika muziki mwingine. Mtunzi wa Ulaya wa zamani aliandika muziki wake katika karatasi, na baada ya kufa kwake wengine waliweza kuufungua na kuupiga tena. Mpiga jazi hutunga papo hapo, pumzi kwa pumzi, na alichokipiga leo hakipigi kesho kwa namna ile ile. Kisipokamatwa katika sahani, kimekwenda na upepo. Mfano wa msiba huu ni Buddy Bolden wa New Orleans. Wenzake walisimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa na mlio wa koneti ulioshinda wa wengine wote mjini. Mwaka 1907 alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa mwaka 1931. Hakuna sahani yake hata moja iliyopatikana. Jina limebaki, lakini mlio umezikwa pamoja naye.

PEMBE ILIYOPOKEA SAUTI

Wako vijana wanaosikiliza sahani za kundi la Joe Oliver, aliyeitwa King Oliver, kisha wakacheka na kusema kwamba wazee wale hawakujua kazi. Hukumu hiyo imetolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kundi hilo lilitia sauti sahanini kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1923, katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana, kwa kampuni ya Gennett. Chumba chenyewe kilikuwa karibu na njia ya reli, na gari-moshi lilipopita kazi ilisimama mpaka kelele ziishe. Hapakuwa na maikrofoni. Wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyoitikisa sindano ikachora mfuo katika nta.

Chombo cha namna ile hakikuweza kustahimili kila mlio. Ngoma kubwa ingeirusha sindano, ndiyo sababu Baby Dodds, ambaye alikuwa bingwa wa ngoma, husikika akigonga vijiti vya mbao kama mtu abishaye hodi. Louis Armstrong alikuwa kijana wa miaka 21, mpigaji wa pili wa koneti baada ya mkuu wake. Lil Hardin, aliyepiga piano katika kundi hilo na baadaye akaolewa na Armstrong, alisimulia kwamba ilibidi kijana huyo asimamishwe mbali na wenzake kwa sababu mlio wake uliwafunika wote. Msikilizaji avumiliaye, akaisikiliza "Chimes Blues" mara tatu au nne, atamsikia Armstrong akipiga peke yake kwa mara ya kwanza katika sahani, na ataelewa kwa nini wakubwa wake walianza kumtazama kwa jicho jingine.

Tangu mwaka 1925 makampuni makubwa yalianza kutumia maikrofoni na umeme. Mwaka huo huo, tarehe 12 Novemba, Armstrong aliingia katika chumba cha kampuni ya OKeh mjini Chicago pamoja na Kid Ory wa tromboni, Johnny Dodds wa klarineti, Johnny St. Cyr wa banjo, na mkewe Lil. Kundi hilo liliitwa Hot Five, nalo lilikuwa karibu la kazi ya sahani tu, wala halikuwa likipiga katika madansi kila usiku. Tarehe 28 Juni 1928, akiwa na wenzake wapya, miongoni mwao Earl Hines wa piano, Armstrong alipiga "West End Blues." Wapenzi wengi wa jazi huiweka sahani hiyo juu ya zote za wakati wake, na hawakukosea. Hata hivyo, si haki kumsifu Armstrong peke yake. Mtu asikilizaye kwa makini sahani za mwaka 1927 ataona jinsi klarineti ya Johnny Dodds, yenye uchungu na ukali, inavyoushikilia muziki kama nguzo ya kati ishikavyo paa. Dodds alikufa mwaka 1940, wala hakupata sifa aliyostahili.

WALIORUDISHA MAJINA

Sahani za siku zile zilikuwa na kibandiko kidogo katikati, na mara nyingi juu yake paliandikwa jina la wimbo na la mkuu wa kundi tu. Aliyepiga tromboni, aliyepiga ngoma, siku waliyopiga, hayo yote hayakuandikwa. Sahani zenyewe zilizunguka mara 78 kwa dakika, zikachukua muziki wa kama dakika tatu kila upande, nazo zilivunjika upesi. Kampuni ilipoona haziuzwi tena, ilizifuta katika orodha yake, na watu waliozipiga wakasahauliwa wangali hai.

Basi yafaa kumkumbuka Milt Gabler, mwenye duka la muziki la Commodore mjini New York. Katika miaka ya 1930 aliona wateja wakiuliza sahani ambazo hazikuwako tena, akayaomba makampuni yampigie upya zile za kale, akaziuza dukani na kwa njia ya posta. Jambo lake kubwa zaidi ni hili: katika sahani alizozitoa upya tangu mwaka 1935, aliandika juu ya kibandiko majina ya wapigaji wote na tarehe ya kazi. Mwaka 1936 huko Ufaransa Charles Delaunay alichapisha kitabu kilichoorodhesha sahani za jazi na watu waliozipiga. Na mwaka 1940 kampuni ya Columbia ilimwajiri kijana aliyekuwa bado mwanafunzi katika chuo cha Yale, George Avakian, ili atengeneze mafungu ya sahani za kale. Alipokuwa akipekua katika ghala za kampuni alikuta hata sahani za Hot Five ambazo hazijapata kutolewa.

Watu hawa hawakupiga tarumbeta wala ngoma. Lakini karani atunzaye daftari vizuri huokoa haki za watu wengi, na kazi yao ilikuwa ya namna hiyo. Jina lililoandikwa hufanya mtu atafutwe, aulizwe habari, na pengine aitwe tena kazini. Jina lisiloandikwa hufanya kazi ya mtu ihesabiwe kuwa ya mwingine.

KUPEPETA BILA KUMWAGA NAFAKA

Sasa kuhusu sauti yenyewe. Kila mkulima ajua ya kwamba kupepeta ni kuondoa makapi na kubakiza nafaka, na kwamba mtu mwenye haraka humwaga vyote pamoja. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kusafisha sahani ya kale. Mchakacho usikikao chini ya muziki haukukaa mahali pake peke yake. Umechanganyika na pumzi ya mpigaji, na mlio mwembamba wa matoazi, na hewa ya chumba. Fundi akiuondoa mchakacho wote, huondoa pamoja nao uhai wa muziki, na tarumbeta husikika kama inapigwa ndani ya blanketi.

Kosa la pili ni kuongeza. Katika miaka ya 1960, stereo ilipokuwa kitu cha fahari, makampuni kadhaa yalichukua sahani za kale zilizotiwa sauti kwa njia moja, yakazigawa kwa hila za mitambo ili zionekane kuwa na njia mbili, tena yakatia mwangwi. Mwangwi huo ulikuwa wa chumba ambacho wanamuziki hawakuwahi kukanyaga. Katika miaka ya 1980 fundi wa Australia, Robert Parker, aliifanya kazi ya kuzigeuza sahani za kale kuwa za stereo kwa ustadi mkubwa zaidi, na ni kweli kwamba aliwavuta wasikilizaji wengi wapya. Lakini mtu atakaye kumsikia Armstrong kama alivyokuwa, afadhali atafute kazi ya Mwingereza John R. T. Davies, aliyekufa mwaka 2004. Yeye alitafuta nakala iliyo safi kuliko zote, akachagua sindano iliyoufaa mfuo wake, akaondoa mikwaruzo kwa subira, kisha akauacha muziki ujisemee. Sahani zake za Hot Five hazina mapambo, na kwa sababu hiyo zinapendeza zaidi.

Mtu asidhani kwamba makosa haya ni ya sahani za zamani sana tu. Tarehe 2 Machi 1959 Miles Davis na wenzake, akiwamo John Coltrane, Cannonball Adderley na Bill Evans, walitia sauti nyimbo za upande wa kwanza wa sahani iitwayo "Kind of Blue," mjini New York. Mashine kuu ya utepe siku hiyo ilikuwa ikienda polepole kuliko ilivyotakiwa. Kwa hiyo utepe ulipopigwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ulikwenda kasi kidogo na sauti ikapanda. Sahani ikauzwa duniani kote, na vijana waliokaa na tarumbeta zao ili kujifunza kwayo waliona mlio wao haulingani na wa Miles, wakajilaumu wenyewe. Ilikuwa mwaka 1992 ndipo ilipotolewa nakala iliyosahihishwa kwa kutumia utepe wa akiba, ambao mashine yake ilikwenda sawasawa. Kwa zaidi ya miaka 30 sahani mashuhuri kama hiyo ilikuwa imesema uongo mdogo, wala hakuna aliyekusudia uongo huo. Toleo jipya kama lile la 1992 linastahili shukrani, kwa kuwa halikuongeza neno. Lilirudisha neno mahali pake.

KOSA LA MTU NA SIRI YAKE

Liko jambo jingine linalowagawanya wapenzi wa jazi. Siku ya kazi, wanamuziki huupiga wimbo mmoja mara kadhaa, kisha huchaguliwa mara moja iliyo bora. Je, zile nyingine nazo zitolewe?

Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Tarehe 26 Novemba 1945 Charlie Parker aliipigia kampuni ya Savoy "Ko-Ko," na jaribio la kwanza lilikatizwa pale wanamuziki walipoanza kuupiga waziwazi wimbo wa "Cherokee." Kipande hicho kilichokatika chamfundisha msikilizaji jambo ambalo vitabu huhitaji kurasa nyingi kulieleza, yaani jinsi Parker alivyojenga nyumba mpya juu ya msingi wa nyumba ya mwingine. Mwanafunzi wa muziki hawezi kupata somo bora kuliko hilo. Lakini vipande vya namna hiyo viwekwe mwisho wa sahani, mbali na kazi iliyokamilika. Kuvipanga vyote mfululizo, wimbo ule ule mara tano, ni kumlisha mgeni chakula kibichi na kilichoiva katika sinia moja.

Wakati mwingine jibu si jepesi. Tarehe 29 Julai 1946 Parker alifika katika kazi ya kampuni ya Dial huko California akiwa mgonjwa, hata kusimama kwake kulikuwa kwa shida. Alipiga "Lover Man" kwa kuyumba, akichelewa kuingia. Usiku ule ule alikamatwa, na baadaye akakaa kama miezi sita katika hospitali ya Camarillo. Sahani hiyo ikatolewa, naye akakasirika sana. Wako wasemao kwamba ndani yake kuna huzuni isiyopatikana mahali pengine, na kwamba ni hazina. Huenda ikawa hivyo. Lakini mwenye uchungu huo hakutaka uuzwe, na maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile kila anayeitoa upya hurudia jambo ambalo Parker alilikataa alipokuwa hai. Kwa uchache mno, jalada na lieleze hali aliyokuwa nayo siku ile, ili msikilizaji mgeni asimpime bingwa kwa siku yake ya ugonjwa.

MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Mithali hiyo ni kweli katika ngoma za vijijini, lakini katika biashara ya sahani haikuwa kweli siku zote. Bessie Smith alianza kuitumikia kampuni ya Columbia mwaka 1923, na sahani zake zilinunuliwa kwa wingi sana na watu weusi wa Marekani. Mwezi wa Januari 1925 aliimba "St. Louis Blues," Armstrong akimjibu kwa koneti, na hakuna mazungumzo ya watu wawili katika jazi yaliyo mazuri kuliko hayo. Alilipwa kiasi kimoja kwa kila wimbo, basi. Hakuwa na fungu katika kila sahani iliyouzwa.

Alikufa kwa ajali ya motokaa katika jimbo la Mississippi tarehe 26 Septemba 1937. Akazikwa Pennsylvania, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina. Mwaka 1970 kampuni ilianza kuzitoa upya nyimbo zake zote, nazo zikapokewa kwa sifa kubwa. Mwaka huo huo kaburi lilipata jiwe. Walioligharimia ni mwimbaji Janis Joplin na Juanita Green, ambaye alipokuwa msichana aliwahi kumfanyia Bessie kazi za nyumbani. Mambo hayo mawili yalitokea katika mwaka mmoja, na msomaji aweza kuyapima mwenyewe. Sahani zile zilitengenezwa vizuri, na mwenye kuzinunua hakutenda kosa. Lakini amana haitimizwi kwa kusafisha sauti peke yake ikiwa mwenye sauti amelala pasipo jina.

YALIYO KARIBU NA NYUMBANI

Mambo haya si ya Marekani tu. Mwaka 1960 Armstrong mwenyewe alifika Nairobi katika safari yake ya Afrika, na muziki wa tarumbeta na saksofoni ulikuwa umekwisha kuingia katika madansi ya miji yetu kwa njia ya santuri. Tena Afrika ya Mashariki inayo amana yake yenyewe. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani, miaka mitano tu baada ya Oliver kusimama mbele ya pembe kule Richmond. Katika masanduku ya nyumba nyingi za pwani na za bara zimelala sahani za kale ambazo wenyewe hawana tena mashine ya kuzipigia. Kabla ya mtu kuzitupa au kuwapa watoto wachezee, na akumbuke kisa cha mwaka 2005. Mwaka huo katika maktaba ya taifa ya Marekani mjini Washington mfanyakazi mmoja alikuta utepe wa Thelonious Monk na John Coltrane walipopiga katika ukumbi wa Carnegie Hall tarehe 29 Novemba 1957. Kwa karibu miaka 48 muziki huo ulikuwa rafuni, na watu waliuombolezea kama kitu kisichokuwako.

Siku hizi msikilizaji hahitaji duka wala sanduku. Nyimbo humfikia katika simu. Ni neema kubwa, maana karani wa Kitale aweza jioni moja kusikia vitu ambavyo Gabler alivitafuta kwa miaka. Lakini mara nyingi katika simu huonekana jina la wimbo na la mkuu wa kundi tu, kama kwenye vile vibandiko vya mwaka 1923. Majina ya wapigaji yaliyorudishwa kwa taabu yameanza kupotea tena.

Kwa hiyo mwenye kutaka kununua au kusikiliza toleo jipya na ajiulize maswali machache. Je, majina ya wapigaji wote yameandikwa, na tarehe? Je, mwenye kulitoa amesema alitumia nakala gani, na alifanya nini juu yake? Je, pumzi ya mpiga tarumbeta yasikika, au imepepetwa pamoja na makapi? Toleo likijibu vizuri, linastahili fedha zake. Na hata hivyo, ile sahani kuukuu isitupwe. Ifutwe vumbi, isimamishwe wima mahali pasipo joto, na jina la aliyeinunua kwanza liandikwe kwenye bahasha yake.